Mwanasesere wa Mama Mkwe na Jicho Lililopotea

Mama mkwe alipotutembelea kutoka mashambani Krismasi iliyopita, alimletea kitinda mimba wetu mwanasesere wa kitambaa aliyemshona kwa mkono wake mwenyewe. Alipendeza kwa kweli: gauni la leso kuukuu, nywele za uzi wa sweta, macho mawili ya shanga nyeusi. Mtoto hakumwachilia usiku wala mchana. Wiki ya tatu nikaona jicho moja halipo. Nilifagia chini ya kitanda, nikapapasa viti, kisha nikasahau.

Kama wiki moja baadaye, mtoto akaanza kutokwa na kamasi yenye uvundo, tena katika tundu moja tu la pua. Nikampa dawa ya mafua. Jirani aliyekuwa muuguzi ndiye aliyenishtua: mafua hayachagui upande. Shanga ilikuwa huko ndani. Daktari aliitoa kwa muda mfupi tu, lakini akaniambia kwamba ingeteremka kwenye njia ya hewa, tungekuwa tukizungumza mengine.

Msomaji mpenzi, sikusudii kukwambia uvitupe vichezeo vya mkono ukanunue vya plastiki. Hata hivyo vya plastiki, vingi huvunjika kabla hujafika nyumbani. Gari la waya au ndovu wa mbao hutengenezeka likiharibika, na mtoto akimwona aliyelitengeneza hujifunza mengi. Ila jambo moja tusisahau: fundi wa jua kali na nyanya hawana maabara ya kupimia kazi yao. Mkaguzi ni wewe mzazi.

Anza na macho, vifungo na kengele. Vivute kwa nguvu, si kwa adabu, maana mtoto atavivuta kwa meno. Kwa mtoto asiyetimiza miaka mitatu, chukua ile bomba ya karatasi ngumu inayobaki karatasi ya chooni inapokwisha. Kitu chochote kinachopenya humo hakifai kuwa mikononi mwake. Kamba ndefu nazo zikate, kwani huweza kumzunguka shingoni, hasa akilala nazo.

Magari ya waya ni ya watoto waliopita umri wa kutia kila kitu kinywani. Hapo usitazame mwili wa gari. Tazama pale waya unapoishia. Kila ncha ikunjwe kwa koleo hadi irudi ndani, kisha ifunikwe kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Usukani ule mrefu ndio hatari zaidi, kwa kuwa mtoto hukimbia nao ukimwelekea usoni au tumboni. Mwisho wake uwe duara pana, usiwe ncha. Magurudumu ya ndara kuukuu ni salama kuliko ya vifuniko vya soda, na mkebe uliokatwa kwa makasi lazima kingo zake zikunjwe na kupigwa nyundo. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Mtoto akikatwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, na uulize kituo cha afya kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika.

Kwa mbao, pitisha kiganja chako polepole. Penye vibanzi, piga msasa. Kuhusu rangi, mimi ni mkali. Mafundi wengine hupaka masalio ya rangi ya nyumba, na rangi ya aina hiyo huweza kuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto mdogo ndio unaoumia zaidi. Huwezi kuitambua kwa macho. Kwa hivyo mtoto mchanga mpe mbao tupu isiyopakwa kitu, na kichezeo ambacho rangi yake inabanduka kiondoe kabisa. Usikikwangue ndani ya nyumba, vumbi lake ni baya vilevile. Wanyama wa mawe ya Kisii yanayochongwa Tabaka, jamani, ni wa kupamba meza. Wakianguka hupasuka vipande vyenye makali.

Usafi hauna mambo mengi. Mbao usiiloweke: ifute kwa kitambaa chenye unyevu, ikauke kivulini, uipake mafuta kidogo ya kupikia isipasuke. Mwanasesere wa kitambaa muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, lakini aliyejazwa sufi au pamba fumua mshono kwanza, utoe vilivyo ndani. Ukimwosha mzima, nje atakauka na ndani atavunda.

Na ikitokea mtoto amekabwa? Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kulia au kupumua, na hajatimiza mwaka, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, umpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Kisha mgeuze, ubonyeze katikati ya kifua mara tano. Aliyezidi mwaka, baada ya kumpiga mgongoni, simama nyuma yake umkumbatie, na kwa ngumi uvute tumbo lake ndani na juu, kati ya kitovu na kifua, mara tano. Rudia huku mwingine akitafuta gari la hospitali. Usitie kidole kinywani kutafuta kitu usichokiona. Na kitu kilicho puani usikichokoe kwa kibanio cha nywele, utakisukuma mbele zaidi.

Mama mkwe tulimweleza kwa upole, maana zawadi ni zawadi. Aliporudi mwezi wa nne, alikaa barazani na sindano yake, akang'oa jicho lililobaki na kushona mapya mawili kwa uzi mweusi. Sasa mwenye mwanasesere analalamika kwamba bibi amemfumba macho, eti hawezi kumwona.