Fundisho la Njonjo kwa Wanasheria wa Serikali

Charles Njonjo alifariki dunia tarehe 2 Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 101. Maiti yake ilichomwa siku ile ile mjini Nairobi, kama alivyotaka mwenyewe, pasipo mazishi ya fahari. Hivyo ndivyo alivyoondoka, kwa kimya, mtu ambaye zamani kauli yake moja iliwanyamazisha mawaziri na wabunge.

Tangu uhuru wa Kenya mwaka 1963 hadi mwaka 1980, Njonjo alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wengi humkumbuka kwa suti zake za kizungu, ua kifuani, na jinsi alivyositasita kuwapa Waafrika nafasi za majaji wa kigeni. Sisi wa Tanzania tunamkumbuka pia kuwa hakuficha dharau yake kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Lakini hayo ni ya juu juu. Jambo kubwa ni namna alivyoitumia sheria, na namna sheria ile ile ilivyomgeukia.

Tuanze na madaraka yenyewe. Mtu mmoja alikuwa mshauri wa Serikali, msimamizi wa uandishi wa miswada na mwendesha mashtaka. Tena aliketi katika Baraza la Mawaziri na Bungeni. Mwaka 1966, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipojitenga na KANU, Katiba ilibadilishwa upesi ili mbunge aliyehama chama apoteze kiti na kurudi kwa wapiga kura. Mwaka ule ule ukapatikana uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila ya kuwafikisha mahakamani. Mwaka 1975, Paul Ngei alipopoteza kiti kwa hukumu ya kosa la uchaguzi, Katiba ilirekebishwa ili Rais aweze kumsamehe. Sheria ilikatwa kama kanzu, kwa kipimo cha mtu mmoja.

Mwaka 1976 yakaja ya kurithi madaraka. Baadhi ya wakubwa walizunguka nchini wakidai Katiba ibadilishwe, kwa kuwa ilimpa Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, kushika nafasi ya Rais kwa siku 90 iwapo Rais angefariki. Mwezi Oktoba Njonjo alitoa onyo kwamba kuwaza, kubuni au kunuia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Kampeni ikazimika. Insafu yatulazimisha kukiri kwamba Mzee Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, madaraka yalikabidhiwa kwa amani na kwa mujibu wa Katiba. Walakini njia iliyotumika haikuwa njema. Watu waliotaka marekebisho ya Katiba, jambo ambalo Katiba yenyewe inaliruhusu, walinyamazishwa kwa kutishiwa kitanzi. Walioshangilia siku ile hawakujiuliza kitanzi hicho kingemngojea nani kesho.

Mwaka 1980 Njonjo aliacha utumishi wa sheria, akaingia Bungeni kwa jimbo la Kikuyu na kuwa waziri. Mwezi Juni 1982, akiwa Waziri wa Mambo ya Katiba, ndiye aliyewasilisha Bungeni mswada uliofanya KANU kuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Kuanzia hapo, aliyetupwa nje ya chama hakuwa na pahala pengine pa kusimama.

Haukupita mwaka. Mwezi Mei 1983, Rais Moi alitangaza kwamba yupo mtu anayeandaliwa na wageni ili atwae nchi. Neno "msaliti" likaenea kila mahali, na mwezi Juni Njonjo akatajwa Bungeni. Alipoteza uwaziri, ubunge na chama. Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Cecil Miller ikasikiliza madai ya kula njama za kuutwaa urais na ya kuhusika na jaribio la mapinduzi ya Shelisheli la mwaka 1981. Mwezi Desemba 1984 Rais alimsamehe. Alisamehewa pasipo kushtakiwa mbele ya mahakama yoyote, wala kupata nafasi ya kuhukumiwa au kuachiliwa kwa haki. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni ya Kenya, tena ya zamani. Ni kweli kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliutenga uendeshaji wa mashtaka na ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Katiba yetu nayo inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka awe huru. Hata hivyo, Mwanasheria Mkuu wetu angali mbunge kwa cheo chake, na mshauri anayeketi pamoja na wanasiasa hulazimika kila siku kuchagua baina ya ukweli na urafiki.

Hapa hatuna budi kujilaumu sisi tuliolelewa ndani ya chama. Chuoni tulifundishwa kusimamia haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu. Lakini katika vikao vyetu tumezoea kumwambia mwanasheria, "Tutafutie njia." Ni mara chache tumemwuliza, "Je, jambo hili ni halali?" Naye akiona kuwa anayetafuta njia hupandishwa cheo, na anayesema si halali huitwa mpinzani, atajifunza upesi.

Basi mwanasheria wa Serikali anapoletewa mswada wa kumkomoa mtu mmoja au kumwokoa mwingine, aukumbuke mwaka 1983. Ajiulize kama angeridhika sheria hiyo isomwe mbele yake siku atakapokuwa hana cheo, wala rafiki, wala chama. Ikiwa hangeridhika, asiiandike.