Mawimbi yamejaa Kiwanjani, lakini njia ni nyembamba

SERIKALI ya Kenya ilipozindua upya jukwaa la eCitizen mnamo Juni 30, 2023 na kutangaza kwamba zaidi ya huduma 5,000 za umma zingepatikana humo, mjadala uliotawala ulikuwa wa fedha. Watu walitaka kujua ada zingepitia wapi, na kwa nini zote zilipwe kupitia nambari moja ya 222222. Lililozungumzwa kidogo ni njia ya mawasiliano yenyewe. Je, ombi linaloandikwa kwenye simu ya mkazi wa Kiwanjani, mtaa ulio jirani na uwanja wa ndege wa Isiolo, hupita wapi hadi kufika linakojibiwa?

Swali hilo haliwahusu wahandisi pekee. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti na leseni ya dereva sasa huanzia mtandaoni. Mfugaji aliyefunga safari kutoka Garba Tula kuja mjini kutafuta stakabadhi huelekezwa kwanza kwenye tarakilishi. Tarakilishi ikikataa, amepoteza nauli na siku nzima.

Malalamiko ya kawaida katika hali kama hiyo ni kwamba simu inaonyesha mawimbi yamejaa, ilhali ukurasa haufunguki. Wengi hudhani kampuni ya simu inawadanganya. Ukweli ni kwamba vile vijiti vinavyoonekana pembeni mwa kioo cha simu hupima jambo moja tu, yaani nguvu ya mawimbi ya redio kati ya simu na mlingoti ulio karibu. Havisemi lolote kuhusu kinachoendelea nyuma ya mlingoti huo.

Hapo ndipo jina la mawasiliano yasiyotumia waya hupotosha. Safari ya angani huwa kilomita chache tu. Kutoka kwenye mlingoti, data huingia katika waya wa nyuzi za kioo, au hurushwa kwa sahani kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine mpaka ifikie waya huo. Kutoka Isiolo itateremka kusini hadi Nairobi, takriban kilomita 280 kwa barabara. Ikiwa inaelekea ng'ambo, itaendelea hadi Mombasa, ambako nyaya za baharini zilianza kutia nanga mwaka 2009. Mmoja wa nyaya hizo, TEAMS, una urefu wa takriban kilomita 5,000 hadi Fujairah katika Milki za Kiarabu.

Data yenyewe haisafiri ikiwa kitu kizima. Picha ya kitambulisho hukatwakatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, kila kimoja kikiwa na anwani ya kilikotoka na kinakokwenda. Kwa kuwa pakiti kwa kawaida haizidi baiti 1,500, picha ya megabaiti moja huzaa karibu pakiti 700. Mitambo iitwayo ruta husoma anwani hizo na kuzielekeza, pengine kwa njia tofauti. Ni kama mifugo yenye chapa: hata ikitawanyika njiani, mwenyewe ataitambua na kuikusanya sokoni. Pakiti ikipotea, huagizwa upya. Kile kiduara kinachozunguka bila kukoma mara nyingi ni dalili kwamba pakiti zinapotea na kuagizwa tena na tena.

Zaidi ya hayo, njia hiyo hutumiwa na wengi kwa pamoja. Chukua mfano wa kituo cha Wi-Fi ya bure chenye uwezo wa megabiti 20 kwa sekunde. Watu 40 wakikitumia kwa wakati mmoja, kila mmoja hubakiwa na nusu megabiti. Megabaiti moja ni megabiti nane, hivyo ile picha ya kitambulisho itachukua sekunde 16 hata mambo yakienda sawa kabisa. Pakiti zikianza kupotea, muda huo hurefuka, na tovuti inaweza kuchoka kusubiri na kumrudisha mwombaji mwanzo.

Kwa sababu hiyo, ahadi ya serikali ya kuweka vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma kote nchini inahitaji kusomwa kwa makini. Kituo cha Wi-Fi ni mlango. Idadi ya milango haielezi upana wa barabara inayoifikia, na takwimu za barabara hiyo hazitangazwi kwa mbwembwe. Aidha, Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4, inayotumiwa na simu nyingi za bei nafuu, ina nafasi tatu tu zisizoingiliana. Katika safu ya maduka ambapo kila mwenye duka ana ruta yake, mitambo hiyo huwa kama watu wengi wanaozungumza kwa sauti katika chumba kimoja.

Masafa ya chini hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, ilhali ya juu hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Kuzimwa kwa televisheni ya analogia mwaka 2015 kulikuwa na manufaa katika jambo hili, kwani sehemu ya masafa yaliyotumiwa na televisheni iligeuka kuwa ya simu. Hata hivyo, kampuni haijengi mlingoti kwa kuangalia fizikia pekee. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 268,002 katika Kaunti ya Isiolo, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Hao ni takriban watu 11 kwa kila kilomita ya mraba. Mtaa wa mjini kama Kiwanjani utavutia mwekezaji. Malisho ya Merti hayatamvutia. Ndiyo maana sheria iliunda hazina ya huduma kwa wote, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano na kuchangiwa na kampuni asilimia 0.5 ya mapato yao. Kiwanjani nako kuna jambo lake la pekee: mlingoti wowote karibu na njia ya ndege sharti urefu wake uidhinishwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege.

Udhaifu wa njia yenyewe ulidhihirika Mei 12, 2024. Nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. Mwezi uliofuata, Juni 25, siku vijana walipoingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilidorora tena. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuzima mtandao, na Safaricom ikaeleza kwamba nyaya mbili za baharini zilikuwa zimepata hitilafu. Wengi hawakuridhika. Kwa aliyekaa na simu yake Kiwanjani, waya uliokatika, mtambo uliokosa umeme na agizo la kuzima vyote vina sura moja.

Lakini kuna njia ya kupunguza utegemezi huo, na Kenya imeipitia. Zamani, baruapepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ya jirani ilipaa hadi setilaiti, ikatua ng'ambo, kisha ikarudi. Setilaiti ya aina hiyo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hivyo swali na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde. Kituo cha KIXP kilianzishwa mwaka 2000 ili kampuni za Kenya zibadilishane data humu humu nchini. Kikafungwa kwa amri baada ya malalamishi ya Telkom Kenya, na hakikufunguliwa tena hadi Februari 2002. Vivyo hivyo, mitambo ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani hadi Aprili 2015. Malipo ya dalali wa ng'ombe kwa jirani yake wa Isiolo yalivuka bara na bahari kabla ya kumfikia.

Setilaiti mpya za Starlink, zilizoingia soko la Kenya Julai 2023, ziko karibu zaidi, takriban kilomita 550, na huruka juu ya mitaro yote inayochimbwa kando ya barabara. Ni msaada mkubwa kwa shule au zahanati iliyo mbali na waya. Hata hivyo, nazo hugawana uwezo: Novemba 2024 kampuni hiyo ilisitisha kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa, na ikaanza tena katikati ya 2025.

Kwa Isiolo, tumaini kubwa zaidi liko ardhini. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, yenye urefu wa takriban kilomita 740, pamoja na waya wa nyuzi za kioo utakaozikwa kando yake. Mpango huo unaifanya Isiolo kuwa njia panda badala ya kituo cha mwisho. Lakini waya mmoja mrefu, hata ukiwa mpya, hukatwa na tingatinga moja. Wahandisi huzungusha waya mpaka ufunge duara, ili ukikatika upande mmoja data igeuke na kupita upande wa pili. Katika ukanda ambao milingoti kadhaa ililipuliwa na wanamgambo wa al-Shabaab mwaka 2019 na 2020, kufunga duara hilo si anasa.

Wakati huo huo, zipo njia nyembamba zisizohitaji intaneti kamwe. Ujumbe wa kubofya nyota na reli, kama *147# unaotumika kujisajili katika bima ya afya ya SHA, hupita kwenye mkondo wa mtandao wa simu unaobeba maagizo, na hauzidi herufi 182 kwa mara moja. Hauwezi kubeba picha ya kitambulisho, lakini unafanya kazi kwenye simu ya bei ya chini kabisa. Ni ajabu kwamba ni huduma chache tu za serikali zinazoutumia.

Julai 2023, wiki chache tu baada ya uzinduzi, kundi lililojiita Anonymous Sudan liliishambulia eCitizen kwa mafuriko ya maombi ya uongo hadi ikalemewa. Serikali ilikiri shambulio hilo, ikasema hakuna data iliyopotea, kisha ikatangaza kwamba wageni walioshindwa kupata viza mtandaoni wangepewa wakitua uwanjani. Tangazo hilo liliwahusu wanaoingia nchini kwa ndege. Halikumtaja mzazi wa Isiolo anayehitaji cheti cha kuzaliwa ili mwanawe asajiliwe kwa mtihani wa taifa.