Kuku Naye Husema Anapougua

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa chuo kikuu kwamba lugha ni mfumo wa ishara, na kwamba asiyezijua ishara hizo ataisikia sauti asiipate maana. Sikudhani kamwe kwamba siku moja ningeanguka mtihani wa somo langu mwenyewe, tena mtahini akiwa ni kuku.

Kuku huyo alikuwa wa binti yangu mwenye umri wa miaka tisa. Nilikuwa nimemweleza kwamba Kiswahili hakina neno moja tu la kuku: kuna pora, kuna tembe ambaye hajaanza kutaga, na kuna koo aliyekwisha kutaga na kuangua. Basi akamwita kuku wake Tembe, na jina likamganda hata alipokuwa akitupa yai karibu kila siku.

Jumatatu moja asubuhi mtoto aliniambia, "Baba, leo Tembe hajatetea." Nilikuwa nikisahihisha karatasi za mitihani. Nilimjibu bila kuinua macho kwamba kuku ni kuku, kesho atatetea. Jumanne Tembe alijikunyata pembeni, manyoya yametimka, na kinyesi chake kilikuwa cha majimaji ya kijani. Kufikia Alhamisi shingo ilikuwa imepinda na bawa moja likiburura. Daktari wa mifugo alipofika alitamka neno moja tu: kideri. Jioni hiyo tulikubali auawe ili asizidi kuteseka, tukamzika katika shimo la kina. Kabla ya majuma mawili kwisha, jirani yetu, ambaye kuku wake walizoea kuchakura uani petu, alipoteza kuku saba.

Wako watakaocheka kwamba msomi mzima anaomboleza kitoweo. Nawaomba watafakari. Wahenga walinena kuwa mficha uele kilio humwumbua, na kuku ni bingwa wa kuficha uele. Akionekana mnyonge, wenzake humdonoa na mwewe humlenga. Kwa hiyo hujikaza hadi nguvu zinapomwishia. Anapozubaa mbele ya macho yetu, mara nyingi maradhi yamekwisha kukomaa. Ndiyo maana dalili ndogo, kama ile aliyoiona binti yangu, ina thamani kubwa kuliko dalili kubwa.

Dalili hizo zaweza kusomwa na mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi. Upanga wa kichwani u mwekundu, au umepauka na kulegea? Kile kifuko cha chakula shingoni, ambacho hujaa jioni, kimekuwa kitupu alfajiri? Kuku anapumua akiwa amefumba mdomo, au anatweta na kukoroma? Chini ya mabawa mna chawa na utitiri? Na yai lenyewe linasema nini? Yai huchukua takribani saa 24 hadi 26 kuundwa, na muda mwingi wa huo hutumika kulitengeneza ganda, ambalo karibu lote ni chokaa. Kuku aliyepungukiwa na chokaa hutaga mayai ya ganda laini, au yai humkwama. Huyu wa mwisho utamwona amesimama wima, mkia ameushusha, anajikamua bila kufanikiwa. Mweke mahali pa joto na utulivu, umkalishe katika maji ya vuguvugu, na umwite mtaalamu upesi. Usijaribu kulivunja yai ndani ya mwili wake.

Kideri ni balaa jingine. Kimataifa kinajulikana kwa jina la Newcastle, mji wa Uingereza ulikotambuliwa ugonjwa huo katika miaka ya 1920. Huletwa na virusi, na hauna tiba. Antibiotiki haziui virusi, wala pilipili na shubiri tunazotia katika maji ya kuku haziviui. Kinachofaa ni chanjo, ambayo hutengenezwa hata papa hapa Kenya na hurudiwa kwa vipindi anavyoagiza mtaalamu. Mimi niliyenunua vitabu vya maelfu ya shilingi sikuwa nimenunua chanjo hiyo.

Lazima nikiri ukweli: hata kama ningemsikiliza mtoto siku ile ya Jumatatu, pengine Tembe hangepona. Lakini ningemtenga mara moja, ningeosha mikono na viatu, na ningemwonya jirani. Wale saba huenda wangalikuwa hai. Kumtambua mgonjwa mapema hakumwokoi mgonjwa peke yake, huwaokoa wazima.

Kinyume cha hayo ndicho tunachokiona vijijini na mijini. Kuku akianza kusinzia, mwenyewe hukimbilia sokoni kumwuza, au humchinja haraka "kabla hajafa". Anayeuza kuku mgonjwa anauza msiba kwa mwenziwe. Anayemla kuku aliyetiwa dawa jana, au mayai yake, kabla ya siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kwisha, anakula dawa ambayo hakuandikiwa.

Walimu wana nafasi yao hapa. Vyama vya 4-K shuleni vinaweza kufuga kuku watano na daftari moja: kila asubuhi mwanafunzi aandike idadi ya mayai, hali ya kinyesi, na nani amekataa kula. Hilo ni somo la sayansi, na ni insha pia, maana aliyezoea kuandika alichokiona hasa hatababaishwa na uvumi ukubwani.

Na kuku akifa, tusimdanganye mtoto kwamba amekwenda kwa shangazi. Binti yangu hakuniuliza kwa nini Tembe alikufa. Aliniuliza kwa nini sikuinua macho. Hadi leo sijapata jibu, ila kwamba sasa naanza siku yangu kwenye banda, kabla ya karatasi za mitihani, tena kwa kumwuliza yeye kwanza ameona nini.