Mwalimu wa fizikia aliyeunguza simu ya mama mwenye nyumba

Samahanini kwa ukimya, nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha huko Kilosa. Sasa nimerudi chuoni, nina deni la simu, na nina hoja. Hoja yenyewe imetokana na deni, kwa hiyo naanza na deni.

Nilipangiwa shule moja ya kata, mbali kidogo na Kilosa mjini. Nyumba niliyopata haina umeme, nguzo zimeishia barabara kuu. Mama mwenye nyumba ana kipaneli cha sola na betri ya gari ya volti 12 inayowasha taa mbili usiku. Simu zote tunapeleka kibandani, jero kwa kila simu. Mimi hapo mwaka wa tatu, fizikia na hesabu, nikaona aibu. Nikamwambia, "Mama, acha kupeleka simu kibandani, nitakutengenezea chaja." Akajibu, "Asante mwalimu, Mungu akubariki." Maskini, hakujua.

Chaja ya kwanza niliitengeneza kwa kile kidude cha miguu mitatu, 7805, nilichokitoa kwenye deki mbovu. Unaingiza volti 12, zinatoka volti 5, kwisha habari. Kwenye daftari langu la chuo ni mchoro wa mistari minne. Ilichaji dakika chache, halafu ikaanza vituko: chaji inaingia, inakata, inaingia, inakata. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha simu. Nikailaumu sola, nikailaumu hali ya hewa. Siku ya pili ndipo nilipogusa kile kidude, na kidole changu bado kina alama.

Hesabu yake mwanafunzi wa sekondari anaiweza. 7805 inashusha volti kwa kutupa zile zinazozidi. Simu ikivuta ampea 1, betri inatoa wati 12, simu inapata wati 5, na wati 7 zinageuka joto ndani ya kidude kidogo kama ukucha wa dole gumba. Kikichemka mno kinajizima ili kisife, kikipoa kinawaka tena. Ndiyo ile inaingia, inakata! Nilikuwa naijua kanuni ya nguvu ya umeme tangu kidato cha pili na sikuwahi kuihusisha na kitu chochote kinachounguza kidole.

Nikapanda basi hadi Morogoro mjini nikanunua kibodi chenye LM2596. Hiki hakitupi, kinakatakata umeme mara 150,000 kwa sekunde na kuupitisha kwenye koili na kapasita, kwa hiyo kwa simu ileile betri inatoa nusu ampea na ushee tu. Yaani betri ileile inachaji karibu simu mara mbili. (Na nyie mnaonunua inveta ya kupandisha volti 12 hadi 230, halafu mnachomeka chaja ya kuzishusha hadi 5, mnalipa nauli ya kwenda na kurudi bila sababu.) Kibodi kina skrubu ndogo ya kupangia volti. Sikuigusa. Sikupima. Nikachomeka simu ya mama moja kwa moja, na kumbe kilikuwa kinatoa karibu volti zote za betri.

Harufu ile siisahau. Mama akauliza kitu kimoja tu: "Mwalimu, na hela zangu za M-Pesa?" Laini ilipona, hela zilikuwa salama. Simu ndiyo ilikwenda.

Jumamosi iliyofuata nikachukua bodaboda kwenda Mikumi, nyumbani kwetu, kwa njia ya Ulaya (ndiyo, tuna kijiji kinaitwa Ulaya, nimekwishafika Ulaya mara nyingi kuliko nyie wote). Betri nimeikumbatia kama mtoto. Mikumi kuna fundi redio ninayemjua tangu utotoni, aliishia darasa la saba. Akasikiliza mkasa wote, akauliza, "Ulipima kabla ya kuchomeka?" Nikanyamaza. Akachukua mita, akaipima betri ikiwa haina kitu: volti 12.6. Nikafurahi, nikasema betri nzima. Akafunga taa ya mbele ya gari, inayovuta kama ampea 4, akapima tena: volti 10. "Betri yako imechoka, mwalimu. Ikiwa imekaa inajifanya mzima, ikipewa kazi inaanguka."

Jamani, nilisimama pale nikiwa nimeduwaa. Volti 2.6 zilizopotea, gawanya kwa ampea 4, unapata omu 0.65. Huo ndio ukinzani wa ndani! Betri nzima ya gari haifiki hata sehemu ndogo ya hiyo. Jumanne ya wiki ileile nilikuwa nimeufundisha kidato cha tatu, kwa Kiingereza, kwa chaki, kanuni ubaoni, herufi kubwa E na herufi ndogo r. Darasa zima likanakili, nikauliza kama kuna swali, hakukuwa na swali. Na mimi sikuwa nimewahi kuiona hiyo r ndogo kwa macho yangu hadi siku ile, kwenye benchi la fundi, jina lake likiwa "kuchoka".

Akanionyesha na mengine. Kwamba waya wangu ulikuwa mwembamba, ndiyo maana kwenye kibodi mita inasoma volti 5 na mwisho wa waya inasoma 4.4, na simu inachaji kwa kusuasua. Kwamba simu nyingine zinakataa chaja ya kienyeji au zinavuta kidogo tu, mpaka uunganishe ule waya wa kijani na mweupe upande wa chaja ndipo zinaamini ni chaja kweli. Na fyuzi! Mimi sikuweka kabisa. Niliona volti 12 hazirushi mtu, basi hazina madhara. Akaniambia betri ya gari ikipigwa shoti inamwaga mamia ya ampea, waya unakuwa mwekundu kabla hujafika kuuchomoa, na nyumba ya mama imeezekwa kwa makuti. Fyuzi inakaa karibu kabisa na kichwa cha betri, upande wa chanya. Ikikaa mbali, kile kipande cha waya kabla yake hakina ulinzi.

Sasa hoja. Mimi naona mtu asipewe cheti cha kufundisha fizikia kabla hajatengeneza chaja moja inayofanya kazi, na kabla hajapewa chaja mbovu akatafuta ugonjwa wake. Hilo la pili kwangu ni kubwa zaidi. Kutengeneza unaweza kunakili, ila kutafuta tatizo kunakulazimisha uulize umeme umefika wapi na umekwama wapi, na hapo ndipo mtu anajulikana kama anaelewa. Tunapimwa kwa andalio la somo, sauti, mpangilio wa ubao, mavazi. Hakuna aliyewahi kunikabidhi kitu kibovu akasema nieleze.

Najua mtakachosema. Kwanza, umeme wa REA unafika vijijini, ya nini kuhangaika na betri? Ni kweli unafika, na ile ada ya 27,000 ya kuunganishiwa imewasaidia wengi. Lakini kila bodaboda ya Kilosa ina betri ya volti 12 na dereva mwenye simu. Na umeme mkubwa unafuata kazi ileile. Tangu 2024 treni ya SGR ya Dodoma inapita Kilosa chini ya waya wa volti 25,000, na ndani yake zinashushwa na kubadilishwa hadi zifae mota. Mwanafunzi anayeiona kila siku akiwa njiani kwenda shule ana haki ya kujua kwamba ile na chaja ya simu ni ndugu.

Pili, eti hayo ni mambo ya VETA. Hili ndilo linaloniudhi. VETA ipo hapohapo Mikumi na naiheshimu. Sera ya elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali kwa sekondari, safi sana. Ila nasikia hata hapa hosteli watu wanasema basi, vitendo vimepata wenyewe, sisi wa mkondo wa jumla tubaki na chaki. Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Pascal Katana na Jeremiah Murimi, walitengeneza chaja ya simu inayotumia dainamo ya baiskeli, kwa vipande vya vifaa vya zamani, wakaiuza shilingi 350 za Kenya. Walikuwa na umri kama wetu. Kanuni walizotumia ziko kwenye daftari la kila mmoja wetu hapa.

Tatu, hatari na gharama. Hapa nakubali nusu. Darasa la watoto 70 na betri ya tindikali, hapana. Lakini betri moja mezani kwa mwalimu, fyuzi, taa ya gari na mita ya bei poa, wanafunzi watano watano wanakuja kusoma namba, hilo linawezekana. Nililifanya wiki ya mwisho. Kijana mmoja wa nyuma ambaye hajawahi kunyoosha mkono akasema, "Ticha, hii ni kama betri ya pikipiki ya baba, honi inalia vizuri mpaka awashe taa." Nikamwambia aje mbele aandike hiyo ubaoni. Akaandika kwa Kiswahili, nikaiacha hivyohivyo.

Mama nimemnunulia simu nyingine, nimelipa nusu, nusu nyingine boom likitoka. Chaja yake ya tatu ina fyuzi, na skrubu nimeipigia gundi ikiwa kwenye volti 5.1. Mwenye mita ya kuazima hapa Bloku B anipigie hodi, yangu nimemwachia yule kijana.