Mtu mzima apewe maandishi ya mtu mzima

Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Masisi-centre. Machi wakaingia Walikale. Watu wa huko wamekuwa wakikimbilia Uganda kwa miaka mingi, na baadhi yao wanaishi Nakivale, katika nchi ambayo shughuli za ofisini huendeshwa kwa Kiingereza.

Mtu mzima anayeanza Kiingereza huko atasoma nini? Tangu 2014, African Storybook inatoa bure hadithi za Kiswahili na za Kiingereza, lakini zimetungwa kwa ajili ya watoto. Mama aliyelea watoto sita anahitaji zaidi kuelewa maelekezo ya dawa na mkataba wa kukodi shamba kuliko habari za sungura. Kwa maoni yangu, urahisi uwe katika sentensi, si katika mambo yanayosemwa.

Tena, anayesoma Kiswahili tayari anajua kusoma. Amepungukiwa maneno tu. Basi apewe kurasa zenye lugha zote mbili, ubavu kwa ubavu.

Sisi wanafunzi wa tafsiri hufanya mazoezi mengi yanayoishia kabatini. Napendekeza kwa walimu wetu: mazoezi ya muhula ujao yawe kurasa hizo.