Sauti Ipite Kwanza
Simu za intaneti zikikatakata, ofisi nyingi hukimbilia kununua kasi zaidi, na mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa sababu msongamano uko ndani ya swichi za mtandao wao wenyewe. Sauti haihitaji nafasi kubwa: kodeki ya G.711 hubeba kilobiti 64 tu kwa sekunde. Inachoshindwa kuvumilia ni kucheleweshwa. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 kwa mwelekeo mmoja. Basi pakiti za sauti zipewe alama ya kipaumbele ya DSCP 46 na foleni ya kwanza, lakini yenye kikomo, isije ikazinyima nafasi pakiti nyingine zote. Tena, fundi, usiziamini alama zinazotoka kwenye kila kompyuta, maana programu yoyote inaweza kujipa cheo. Amini matundu ya swichi yaliyounganishwa na simu pekee, na upange hivyo kwenye kila swichi njiani.