Anayetafiti Meno Yako Hahitaji PIN Yako

Ukiishi Kayole, Dandora ama Umoja, usishangae mtafiti wa afya ya kinywa akikutumia linki ujibu maswali ukiwa kwako. Unapiga mswaki mara ngapi? Maji yako ni ya mfereji ama ya kisima? Jino limewahi kukunyima usingizi? Wengi wetu tunafuta meseji hiyo mara moja. Matapeli wametufunza kushuku kila namba ngeni.

Lakini tunaona kukataa kila kitu kunatuumiza. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta meno yaliyooza kwa karibu watoto 24 katika kila 100. Hiyo ni picha ya nchi nzima. Bila majibu ya mtaani, tutadai vipi daktari wa meno kwenye kliniki iliyo karibu nasi?

Na simu inashinda karatasi kwa kazi hii. Mtu mzima huwa na meno 32. Ukiandika 42 kwa bahati mbaya, fomu iliyopangwa vizuri inakataa hapo hapo. Programu kama ODK na KoboToolbox hutunza majibu hata mtandao ukipotea, kisha huyatuma ukirudi. Hata swali la maji lina maana, kwa sababu floridi ikizidi kisimani huwaachia watoto madoa ya kahawia kwenye meno.

Basi tujibu, ila kwa masharti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kwa hivyo uliza kwanza: wewe ni nani? Kibali cha NACOSTI kiko wapi? Picha ya mdomo wangu ataiona nani? Nikibadilisha nia, nitajitoa vipi? Kwa mtoto, mzazi ndiye anayetoa ruhusa.

Pesa je? Kama kuna shukrani ama kredo, mtafiti anahitaji namba yako ya simu tu. Haitaji PIN, wala kodi iliyoingia kwa SMS, wala "tuma 50 ya usajili kwanza". Akitaja moja ya hizo, huyo si mtafiti. Kata simu.

Nanyi watafiti, rudisheni gharama ya bando. Mama mboga aliyenunua bando la siku moja hafai kulimaliza kwa kupakia picha za utafiti wenu. Na mkishamaliza, rudini mtaani mtuambie mlichopata.